Rosaria Akataa Kuibiwa

Wifi yangu Rosaria alikuwa na sauti iliyofika sokoni Kashikishi kabla yake. Akiteremka njia ya ziwani na kapu kichwani, wavuvi walianza kuondoa samaki waliolegea kutoka juu ya marundo yao, maana walijua atawatukana mbele za watu na watu watacheka. Alikuwa mwanamke mfupi, mjane asiye na mtoto, mwenye uchanja mkubwa wa kukaushia samaki nyuma ya nyumba yake pale Nchelenge na hasira iliyokuwa tayari wakati wote. Nilimpenda sana. Nasema mapema ili mtu asije akadhani nasimulia bila upendeleo.

Mimi ni Febby. Nilizaliwa ng'ambo ya ziwa, Kilwa, upande wa Kongo ya Wabelgiji. Nasema Kilwa mji, si kile kisiwa cha katikati ya ziwa, wala si ile Kilwa nyingine ya bahari ambayo wageni hunitajia kila mara. Niliolewa Nchelenge na Mubanga, kaka yake Rosaria, na tangu hapo mimi na yeye tukaitana mulamu, yaani wifi, tukauza samaki pamoja. Nilikuwa na Kiswahili cha nyumbani, yeye alikuwa na kile cha biashara, cha kujifunzia sokoni, ambacho kilimtosha kabisa kwa kugombana.

Sasa kuna jambo ambalo lazima nilieleze, na anayelijua anivumilie. Huku kwetu, pande zote mbili za ziwa Mweru, kila mtu ana ukoo aliorithi kwa mama yake. Kuna Chui, Mbuzi, Mamba, Uyoga, Mvua, na koo nyingine nyingi. Kila ukoo una ukoo wa kutaniana nao, na mtani wako huyo kwa Kibemba ni munungwe wako. Mbuzi na Chui ni watani, na sababu yake hata mtoto anaijua. Munungwe anaweza kukuita mchawi mbele ya padri. Anaweza kuingia jikoni kwako, akafunua chungu, akala, akaondoka akijifuta mdomo, nawe huna la kufanya ila kupiga kelele kwamba umeibiwa. Kelele zenyewe ni lazima. Usipopiga, umemdharau. Na siku ya msiba ndiye anayechimba kaburi la kwenu, kwa sababu ninyi wafiwa hamna nguvu ya kushika jembe.

Rosaria alikuwa wa Mbuzi. Kapembwa, askari wa Wabelgiji, alikuwa wa Chui.

Huyu Kapembwa alizaliwa kijiji cha jirani na Kilwa. Wabelgiji walimchukua jeshini akiwa kijana, wakampeleka Abisinia wakati wa vita kubwa, wakamrudisha, wakamzungusha Kongo nzima, na mwishoni, uzeeni, wakamleta kulinda gati la kwao. Alikuwa amebakiza muda mfupi apewe pensheni yake aende kununua nyavu. Alilizungumza jambo hilo la nyavu mpaka likachosha watu. Mamake, mama Mpundu, alikuwa bado hai, na pensheni hiyo ilikuwa yake pia, maana hakuwa na mtoto mwingine.

Ilikuwa mwaka ule wa Shirikisho, wakati wazungu wa Rhodesia walipounganisha nchi zetu bila kutuuliza. Wanaume walikuwa wakirudi mikutanoni wamefunga midomo kwa hasira. Rosaria hakwenda mikutanoni, lakini alikuwa akisema, "Hata kuku unamwangalia kabla ya kumfunga miguu." Nadhani hasira ile alivuka nayo ziwa.

Tulikuwa tumeshuka kwenye boti la Mgiriki mmoja mfanyabiashara pale gati la Kilwa, makapu yetu chini, tunangoja malori. Kapembwa akapita zamu yake, bunduki begani, kofia nyekundu imekaa upande. Hakusalimu. Aliinama juu ya kapu la Rosaria, akachagua makobo, samaki mnene kuliko wote, aliyekaushwa vizuri mpaka anang'aa, akamtia kwapani na kuendelea na safari yake kama mwenye mali.

Rosaria akapaaza ile sauti.

"Mwizi! Mwizi! Bantu ya Kilwa, mukuye muone, Chui ananiibia! Mumufunge! Mumupige fimbo! Kichwa yake sawa chungu ya kuunguza!"

Gati zima lilicheka. Kapembwa, bila kugeuka, alimtoa samaki kwapani na kumbusu kichwani. Wapagazi walikaa chini kwa kucheka. Mimi nilicheka mpaka nikashika tumbo.

Kulikuwa na mtu mmoja ambaye hakucheka, naye alikuwa amesimama mlangoni mwa ofisi ya gati. Luteni mpya, kijana wa Kibelgiji mwenye shingo iliyochomwa na jua, hata mwezi alikuwa hajamaliza. Alikuwa ametumwa kwa kazi maalumu. Serikali ya Waingereza upande wetu ilikuwa imelalamika kwamba askari wa Kilwa wanawaibia wanawake wauza samaki, na wakubwa wake wakamwambia akamate mmoja awe mfano. Na wizi ulikuwepo kweli, nisifiche. Ila mwizi hakuwa Kapembwa. Mwizi alikuwa sajenti wa gati, mtu wa mbali sana, wa mtoni huko kwenye misitu, aliyekuwa anachukua kapu zima na kusema ni ushuru. Sajenti huyo huyo ndiye luteni aliyemwita amfunge Kapembwa pingu.

Tulidhani ni mchezo. Rosaria hata aliongeza, "Mukaze sana!" Kapembwa mwenyewe alinyoosha mikono akiwa bado anacheka. Tulipoona hawamfungui, na wanamsukuma kuelekea kambini bila kofia, wapagazi wakainuka. Huko kwao luteni, mtu akiita mwizi maana yake kuna mwizi. Basi.

Juma lililofuata mama Mpundu alivuka ziwa kuja Nchelenge. Tulimwona anapanda kutoka ufukweni na fimbo yake, Rosaria akatoka nje kumngoja. Mama Mpundu alianza vizuri, kama inavyotakiwa kati ya Chui na Mbuzi. "Ewe mbuzi wa mdomo mpana," alisema, "mdomo wako huo..." Hapo akakwama. Alijaribu tena, akakwama tena. Akakaa chini mchangani. Sikuwahi kuona mtani anashindwa kumalizia tusi, na iliniumiza kuliko kama angelia.

Alitueleza. Kapembwa anapelekwa mbele ya mahakama ya kijeshi. Meja anatoka Elisabethville kuja kuhukumu. Akionekana ni mwizi atapigwa fimbo mbele ya kambi nzima, atafungwa gerezani mbali, na pensheni inakufa. Na shahidi wanayemtaka ni mmoja tu, yule mwanamke aliyepiga kelele.

"Usiende," Mubanga alimwambia dada yake jioni hiyo. Mume wangu alikuwa mtu mwangalifu. "Wabelgiji hawana mkono wa kufika huku. Usipoenda, hawana shahidi."

"Gati zima lilisikia," Rosaria alisema. "Nisipoenda watasema niliogopa askari, kwa hiyo ni kweli. Watamhukumu kwa kelele zangu nami nimekaa hapa nageuza samaki."

"Na ukienda watakuuliza, alichukua au hakuchukua? Utasemaje?"

"Alichukua."

"Ndiyo hayo sasa!"

"Mubanga, mimi sikuibiwa," alisema. "Hakuna mzungu atakayenilazimisha niwe nimeibiwa." Kisha akamfukuza kaka yake uani kwa sababu alikuwa amesimama upande moshi ulikoenda.

Tukavuka, mimi na yeye. Upepo wa kusini ulikuwa mkali, maji yaliingia botini, na Rosaria alikaa ameshika rozari mkononi na kumlaumu Mgiriki kwa kila wimbi. Ndiyo njia yake ya kusali.

Mahakama ilikuwa katika darasa la shule. Walikuwa wametoa madawati wakaweka meza ndefu yenye bendera juu yake, na nyuma ya meza maofisa watatu. Meja alikuwa katikati, mzee, mwenye macho ya mtu asiyelala vizuri. Askari walijaa nyuma, wengine nje madirishani. Kapembwa alisimama wima bila mkanda, bila kofia, mashavu yameingia ndani. Hakutuangalia. Alikatazwa. Na mlangoni, akilinda usalama wa mahakama, alikuwa sajenti wa gati.

Luteni ndiye aliyeuliza maswali, na karani mmoja Mkongo akayageuza kwa Kiswahili. Lazima niseme ukweli kuhusu yule luteni. Alikuwa na adabu. Alimpa Rosaria kiti, Rosaria akakikataa. Aliamini kabisa kwamba anamtetea. Kama angekuwa mtu mbaya ningejua namna ya kumchukia, lakini huyu alinichosha.

Rosaria aliapa juu ya Biblia, akabaki amesimama, nami kando yake.

"Mama, ile siku, huyu soda alikamata samaki yako?" karani aliuliza. Kwao soda ni askari.

"Alikamata."

"Aliomba?"

"Chui anaombaka?"

"Jibu ndiyo ao hapana."

"Hapana. Hakuomba."

"Na weye ulilalamika 'mwizi'?"

"Nililalamika sana. Sauti yangu yote."

"Bon. Donc, basi, alikuibia."

"Hapana," Rosaria alisema.

Karani alimwangalia, akageuza kwa Kifaransa. Luteni aliuliza tena, taratibu, kama unavyorudia kwa mtu asiyesikia vizuri. Alichukua? Ndiyo. Bila ruhusa? Ndiyo. Ulimwita mwizi? Ndiyo. Basi ni mwizi? Hapana. Walizunguka hapo mpaka meja akapiga meza kwa kiganja na kumwambia aeleze.

Akaeleza. Alisema yeye ni Mbuzi na yule ni Chui, na kwamba samaki aliyechukuliwa na munungwe hajaibiwa, amekwenda anakotakiwa kwenda. Askari wa nyuma walianza kuitikia kwa vichwa, wale wa kwetu. Karani alitafsiri yote bila kuruka, na ninamshukuru. Meja alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema jambo ambalo nilipolisikia nilidhani tumekwisha. Alisema hajakataa kwamba desturi hiyo ipo kijijini. Lakini mtu akivaa nguo za jeshi ukoo anauacha nje ya kambi. Mbele yake hakuna chui wala mbuzi. Kuna askari na mali ya raia.

Rosaria alizitazama nguo za jeshi za Kapembwa.

"Komanda," alisema, "mama yangu alikufa mu mwaka ya mvua mingi. Sisi Mbuzi tulikuwa tunalia tu. Huyu mutu alikuya na boti, na hii nguo ya jeshi ku mwili. Akaitoa, akaiweka ku muti, akaingia mu shimo na jembe. Maji ilikuwa inaingia. Alichimba mpaka jioni. Kiisha akalala yeye mwenyewe mu kaburi, akasema, 'Huyu mama Mbuzi ni muzito, anakulaka sana, sitamubeba, nitalala miye.' Tulicheka. Mu kilio, komanda, tulicheka, na tukapata nguvu ya kumuzika. Ile siku nguo ya jeshi ilikuwa yake. Hakuna muzungu alikuya kusema hana ukoo. Na miye nikikufa, nani atanichimbia? Weye?"

Karani alisita kwenye neno la mwisho. Rosaria akamwambia, "Sema yote."

Akasema yote.

Hapo wifi yangu akamgeukia Kapembwa, na kabla mtu hajamzuia akaanza kumtukana. Sitaandika kila kitu. Alimwambia kwamba Abisinia alikimbia mbele ya punda. Alimwambia miguu yake ni ya korongo aliyekataliwa na wenzake. Alimwambia kama angejua ni mjinga kiasi cha kukamatwa kwa samaki mmoja angempa na wa pili, auawe kabisa ameshiba. Sauti ilikuwa ile ile ya gatini. Kapembwa alikaza taya, akakaza tena, akatazama dari. Kisha akapasuka. Alicheka mpaka machozi yakatoka, amesimama wima vile vile, mikono mapajani. Askari wa madirishani nao wakashindwa. Nilimwona hata ofisa wa kushoto anajifanya anatafuta kitu chini ya meza.

Meja alipiga meza mpaka pakatulia. Luteni alikuwa amekuwa mwekundu mpaka masikioni. Alikuwa kijana, na mbele ya mkubwa wake kesi yake ilikuwa inachekwa. Akasogea karibu, akauliza swali moja, na karani akaligeuza kwa sauti ndogo.

"Mama, donc unasema mu hii Kilwa hakuna hata soda moja alikuibia?"

Nilielewa mara moja. Akisema hakuna, atakuwa amemdanganya Mungu baada ya kuapa, na malalamiko ya wanawake wote wa Kashikishi yatakuwa uongo. Akisema yupo, atatakiwa kumtaja. Nilisikia viatu vya sajenti vikisogea mlangoni nyuma yangu. Nilimvuta kitenge. Nilitaka aseme hajui. Naandika bila aibu, nilitaka aseme hajui twende nyumbani.

Alinipiga kofi mkononi ili nimwachie.

"Niliibiwa," alisema. "Mara mingi."

"Na nani?"

Aligeuka mwili mzima, akanyoosha kidole. Kwetu mwanamke hamnyooshei mwanamume kidole.

"Na ule anasimama ku mulango. Anakamataka kapu muzima. Hachekake."

Nilisikia bendera ikigusa mguu wa meza kwa upepo. Sajenti alisema kitu kwa lugha yake. Meja alimnyamazisha kwa mkono, akainama mbele, na kwa mara ya kwanza akauliza yeye mwenyewe, kwa Kiswahili kibovu alichojifunzia kwa wapishi wake.

"Na yeye, weye naita mwizi? Weye nalalamika?"

"Hapana, komanda. Yeye namuambiaka 'merci, sajenti, aksanti.'"

"Sababu nini?"

"Juu ni mwizi," Rosaria alisema. "Mwizi iko na bunduki, nani anamupigiaka makelele? Miye napigaka makelele kwa mutu ya kwetu tu."

Walitutoa nje. Tulikaa chini ya ukuta wa shule pamoja na mama Mpundu aliyekuwa anangoja pale. Mchana ulipokuwa unaelekea kwisha karani alitoka akatusomea. Kosa la wizi limefutwa. Pensheni ibaki. Lakini askari Kapembwa atalala selo siku kadhaa kwa kosa la kucheka mbele ya mahakama. Mama Mpundu aliposikia hayo ya kucheka alishika kichwa kwa mikono miwili, na sikujua analia au vipi. Kuhusu sajenti hapakusomwa lolote. Alitoka ndani na mkanda wake kiunoni na funguo zake mkononi, akapita karibu na Rosaria, akamwangalia muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Rosaria alimwangalia vile vile. Mimi niliangalia chini.

Botini, gati lilipokuwa limeshakuwa mbali, niliona kitenge chake cha njano kina doa la maji nyuma mpaka chini. Nikadhani ni maji ya ziwa, nikamwambia asogee katikati.

"Haiko maji ya ziwa," alisema. "Nilijikojolea, mulamu. Kule mu nyumba ya masomo, mbele ya bazungu. Wakati nilinyoosha kidole."

Hakucheka, nami sikucheka. Nilivua kanga yangu ya juu nikamfunika.

"Basi mulamu, tusirudi tena Kilwa," nilisema. "Ule sajenti angali kule. Tutauza Kashikishi. Tutauza Mwansabombwe. Batu banakulaka samaki kila fasi."

Alikaa anaangalia mji ule unavyopungua. Kisha akajifuta pua kwa mgongo wa mkono.

"Tutarudi siku ya soko," alisema. "Nitavala kitenge mweusi."